Ng'ombe wa Turubai

Jumatatu, 4 Agosti

Mvua imewahi, na paa la kibanda changu linavuja mahali pamoja tu: juu ya mgongo wa ng'ombe. Nimehamisha ndoo. Nimemhamisha ng'ombe. Maji yakamfuata. Turubai halidhuriki, lakini mbavu za ndani ni mianzi, na mianzi ikilowa inavimba, uzi unakatika. Ubavu wa kushoto nimeushona upya leo na kidole gumba kimevimba kwa sindano ya magunia.

Hubert alinitumia sauti kutoka Goma. Ndiye anayepanga maonyesho. Anasema nafasi ya katikati ya ukumbi ni yangu, anayeingia mlangoni atakutana na ng'ombe kwanza. Miaka yote nimetuma picha watu wakanijibu "très intéressant", inavutia sana, kisha kimya. Sasa katikati ya ukumbi! Nimeisikiliza sauti hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Halafu mwishoni akaongeza: usimsafishe sana, dada Aurélie, acha tope, acha yale maandishi ya misaada yaonekane. Wageni wanataka kuiona "la misère", ule ufukara wetu. Nikazima simu. Hasira haijaisha mpaka sasa, na mbaya zaidi ni kwamba maandishi hayo niliyaacha kwa kupenda kwangu, kabla yeye hajasema. Herufi nusunusu za bluu ubavuni, jina la shirika ambalo huwezi tena kulisoma. Niliona zinasema jambo. Sasa kila nikizitazama nasikia sauti ya Hubert.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama aliingia kibandani kutafuta jembe. Akasimama mbele ya ng'ombe, jembe akalisahau. Nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani ameguswa.

"Hii njo bâche yetu?"

Ndiyo. Turubai letu la kambini, tulipokimbia vita. Alikitambua kiraka cha kitenge cha kijani, alikishona yeye mwenyewe pale kaa la moto lilipotoboa. Nimekiweka begani makusudi kwa sababu hakuna kitu kizuri kuliko hicho kwenye mwili wote. Nikaanza kumweleza. Hakunisikiliza. Akasema watu wanatanguliza mbele kitu cha kuwapa heshima, na mimi natanguliza kile tulichofichia aibu yetu. "Unataka Goma yote ijue tulilala wapi?"

Nikamwambia nusu ya Goma ililala huko huko. Hakucheka. Mama Emérita akikataa kucheka, amekataa.

Anajua pia kwa nini naokota vitu vilivyotupwa. Sikuanza na turubai. Miaka yote ya chuo kule Kinshasa nilichonga mti, na nilichonga vizuri. Kinyago changu cha mtihani wa mwisho nilikileta nyumbani Mweso, mwanamke anayejifungua, mti wa mvule, miezi mingi ya kazi. Tulipokimbilia kambini mama alikibeba kichwani kwa heshima zote. Kisha kuni zikaisha. Nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta maharage yameiva vizuri. Sikumlaumu, na nilikula. Lakini siku hiyo nilijiambia: nitafanya kazi na kitu ambacho hakuna mtu atakipikia. Turubai likiungua linanuka, hata mwenye njaa hawezi. Nyaya za matairi, soli za buti, mashikio ya bidoni, yale madumu ya maji. Hubert aliandika kwenye karatasi ya maonyesho kwamba ninachagua vitu duni "kwa ishara". Ishara gani. Mimi nilikuwa nakimbia sufuria ya mama.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa Papa Théoneste akaja kukagua. Kaka mkubwa wa marehemu baba, na sasa kichwa cha familia. Alikuwa na ng'ombe wengi pale juu kilimani kabla hawajaswagwa wote mchana kweupe. Tangu hapo hana kazi ila kuwasahihisha watu.

Akasema pembe zangu za mashikio ya bidoni ni mbaya: pembe inaanza kwa kutoka nje, njo inapanda. Masikio yako juu mno. Nundu ni ya ngamia, na ngamia mwenyewe hajawahi kumwona. Kisha akainama chini ya tumbo, akabaki ameinama.

"Weye mutoto, ngombe gani iko na matiti tano?"

Kiwele nimekitengeneza kwa glavu ya hospitali. Nimekijaza pamba, nimekivuta, nimekishona, nimekipiga picha, nimeituma Goma. Sikuhesabu. Mjukuu wa wafugaji, binti wa Masisi, na Hubert na watu wake wote wa sanaa, hakuna aliyehesabu. Papa Théoneste alicheka mpaka akatoa leso. Baadaye nikasikia ameshawasimulia kwaya yote.

Nimekikata kidole gumba cha glavu na kuliziba tundu. Nimeudhika kwa sababu alikuwa sahihi. Na kuhusu pembe pia. Kuhusu nundu, hapana, nundu inabaki.

Jumatano, 13 Agosti

Prince alikuja na soda. Mdogo wangu hanunui soda bila sababu.

Jumamosi familia yetu inapeleka mahari kwa kina Nicole, mchumba wake. Mahari ni ng'ombe, na ng'ombe hakuna. Hilo linajulikana na limekubaliwa: atatolewa ng'ombe wa maneno. Siku hizi ndivyo wanavyofanya wengi. Msemaji wetu anasema ng'ombe yupo, wao wanamtuma mtu nje kumkagua, mtu anazunguka kwenye majani matupu, anarudi ndani na kumsifu: pembe, ngozi, mwendo, maziwa. Watu wanapiga makofi. Ng'ombe mwenyewe atakuja siku milima ikitulia. Nimeona sherehe hizo na sijawahi kucheka. Wale wakaguzi wanajua kusifu, mpaka unatamani kugeuka umtazame.

Sasa Papa Théoneste, ambaye ndiye msemaji, amepata wazo. Kwa nini mkaguzi azunguke kwenye majani matupu wakati dada yako ana ng'ombe mzima kibandani? Asimamishwe pale nje tu, macho yapate pa kutua.

Nikasema hapana. Nikasema ni kazi yangu, si pambo la harusi. Lori la Hubert linakuja Alhamisi ijayo, akivunjika mguu nitalia wapi? Prince akasikiliza yote akinitazama, kisha akasema polepole kwamba baba yake Nicole, Papa Nzabandora, ni mtu wa Buleusa, alikuwa na zizi linalojulikana, na leo anaishi kwenye nyumba ya kuazima huku Mweso. Hakuna kitu cha kumpa. "Yaya," akaniita, yaani dada mkubwa, "ata kitu ya kuangalia tu."

Nimekubali. Masharti: asiguswe, anyeshewe mvua kidogo iwezekanavyo, arudi jioni ile ile. Prince aliapa kwa jina la baba. Soda ilikuwa ya moto.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika usiku huu huu.

Asubuhi walimbeba kwenye kipoyi, machela ile ile ya kuteremshia wagonjwa hospitalini, vijana wanne. Njia nzima watu walivua kofia wakidhani tumebeba maiti, kisha wakaona pembe. Mama alitembea nyuma kabisa, kitambaa kimeshuka machoni. Mimi ubavuni, nikizuia mkia.

Wakamsimamisha nje ya uzio wa Papa Nzabandora, karibu na zizi la miti alilolijenga mwenyewe na ambamo hajawahi kulala mnyama. Sisi wanawake tukaingia nyuma na vikapu. Sherehe ikaanza, mbwembwe za kawaida, kubishana kwa uongo, kukataa kwa uongo, pombe ya ndizi. Papa Théoneste alikuwa amevaa koti la marehemu baba na alikuwa anapendeza, lazima niseme. Alipofika kwenye ng'ombe alitakiwa kusema maneno tuliyokubaliana: ng'ombe yupo, milima ikitulia mtamwona. Badala yake pombe na makofi vikampanda. Akanyoosha fimbo nje.

"Batu ya Buleusa, hatukuye mikono mitupu. Ngombe yenu njo ile pale. Tumewapa."

Nikajua amekosea kabla hajafunga mdomo. Alimwonyesha kwa fimbo, akasema tumewapa, mbele ya mashahidi. Niliinuka. Shangazi akanivuta sketi nikakaa. Mwanamke wa upande wa bwana harusi haongei pale, na hata angeongea, angesema nini?

Kwa kawaida wanamtuma mkaguzi. Papa Nzabandora hakumtuma mtu. Aliinuka mwenyewe, mrefu, mkavu, akatoka. Wageni walikuwa wanacheka, wengine wameshatoa simu. Akamzunguka ng'ombe wangu. Akampapasa nundu. Akainua mkia. Akachuchumaa kukagua kiwele, na mimi kule nyuma nikahesabu pamoja naye, moja, mbili, tatu, nne. Akaweka kiganja kwenye bega, pale kwenye kiraka cha mama, akakiacha hapo. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kikaisha.

Kisha akaanza kumsifu, kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya kifuani. Si yale ya haraka ya kwenye harusi. Alimsifu kwa safari: mnyama aliyelala mvuani bila kuugua, aliyefunika watoto wa watu, aliyetobolewa na moto akasimama. Sijui alijuaje. Pengine kwa kugusa tu, au kwa harufu, moshi wa kambi hautoki kwenye turubai hata ulifue namna gani. Mwishoni akampa jina. Gitare, mweupe. Akageuka kwetu.

"Nimemupokea."

Makofi. Vigelegele. Mama alikuwa analia na sikuweza kujua ni kwa nini. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira.

Tulipotaka kuondoka nikaenda kumchukua. Alikuwa ameshaingizwa zizini, kamba shingoni, miti ya mlango imefungwa. Nikaweka mkono kwenye mti wa juu. Papa Théoneste akanishika kiwiko, pombe imemtoka yote.

"Achana nayo, mutoto yangu. Ngombe yenye imeitwa jina haifunguliwe na mwenye aliitoa."

Tumerudi na kipoyi kitupu.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda misa. Kibanda ni kikubwa ghafla. Maji yanadondoka sakafuni, mahali pale pale.

Prince alikwenda mchana kuomba kwa adabu. Akarudi amekula, amekunywa, na hakuomba. Anasema hakupata nafasi. Alikuwa na mdomo, hiyo ndiyo nafasi!

Jumatatu, 18 Agosti

Nilikwenda mwenyewe. Nilipanga hotuba njia nzima: kazi ya mikono yangu, Goma, katikati ya ukumbi. Papa Nzabandora alinikaribisha kwa heshima nyingi, akanipa kiti kilichopo, yeye akakaa kwenye kinu. Kisha akanipeleka zizini kama mtu anavyompeleka mgeni kuona kitu kizuri.

Nilipiga kelele. Kweli kabisa, nilipiga kelele mbele ya mkwe.

Ameyafuta maandishi. Herufi zote za bluu hazipo. Amempaka ubavu mzima udongo mweupe wa mtoni uliochanganywa na samadi, ameusugua kwa jani la mgomba mpaka ukawa laini. Na kichwa! Mimi nilimweka kichwa juu, shingo imenyooka, anatazama mbali, anasikiliza wanaokuja kumswaga. Ndiyo kazi nzima, kichwa kile. Wiki tatu nilikuwa natafuta mwelekeo wa shingo. Yeye amefungua mshono, ameukunja mwanzi mmoja ndani, ameshona tena kwa kamba ya mgomba. Ng'ombe ameinama. Pua imegusa majani aliyomwekea.

Nikamuuliza kwa nini. Alishangaa nauliza.

"Ngombe haiandikiwe, mama. Ile maandiko ilikuwa ya benye walitupatia bâche. Hii si ya bo tena." Na kichwa? "Ngombe yenye haina majani njo inaangalia mbali. Ya kwangu iko na majani."

Nilitaka kumtukana. Nikatafuta neno, nikiwa nimeuangalia ule mstari kutoka nunduni kwenda puani, na hapo ndipo lililonikuta likanikuta. Ng'ombe wake amempita yule wa kwangu. Wangu alikuwa anamwambia mtazamaji ahuzunike. Huyu anakula. Unamtazama, unahuzunika mwenyewe bila kuambiwa, na kitu kingine juu yake ambacho sina jina lake. Nimesoma miaka mingi na sikuthubutu kuinamisha kichwa kile. Niliogopa hataonekana mwathirika tena.

Sikumwambia. Nilimwambia nahitaji ng'ombe kwa ajili ya Goma. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema yeye Alhamisi anarudi Buleusa, kuna lori linapanda upande wa Kashuga, nyumba yake kule imebaki kuta lakini kuta zipo. Anakwenda na Gitare. Halafu akasema jambo lililonimaliza nguvu. Hatagombana na mtu. Alipewa na familia yetu. Familia yetu ikisema inamtaka, atamfungua kamba yeye mwenyewe kwa mikono yake.

"Lakini iseme. Nitakuwa ku bariyeri na yeye Alhamisi asubui. Weye njo utaniambia."

Kwa nini mimi? Kuna Papa Théoneste, kuna Prince. Akasema: wale walimtoa kwa mdomo, wewe ulimtoa kwa mikono.

Jumanne, 19 Agosti

Siku mbaya. Kwa kifupi.

Hubert: lori litakuwa kwenye bariyeri ya Mweso, kile kizuizi cha askari barabarani, Alhamisi asubuhi, halisubiri. Nikamwambia kuna tatizo la kifamilia. Akasema kila msanii ana tatizo la kifamilia. Ng'ombe asipofika, nafasi ya katikati itachukuliwa na mtu wa Bukavu mwenye vizibo vya chupa. Nikamtumia picha niliyompiga jana zizini. Akajibu: maandishi yako wapi? Rudisha maandishi. Na kichwa, dada, tafadhali, kichwa kilikuwa na nguvu sana.

Basi hata yeye haoni. Nilidhani nitafurahi mtu mmoja akikubaliana na mimi wa wiki iliyopita.

Papa Théoneste: tengeneza mwingine. Kwa turubai gani? Zilizobaki Mweso nzima ziko juu ya paa za watu, na mvua imeanza. Nikapande nikawavue?

Mama: alikuwa anachambua maharage, hakuniangalia. Akasema mahari ikirudi nyumbani, hata kwa siku moja, hata kwa lori, watu hawatasema ilikwenda kwenye maonyesho. Watasema Prince amekataliwa, au Nicole ameonekana na kasoro. "Bataongea miaka." Nikamwambia juzi tu ulitaka nimfiche. Akakubali. Juzi alikuwa bâche, akasema. Tangu Jumamosi, anasema, ni ng'ombe aliyesifiwa kuliko wote aliowahi kusikia, na bega lake ni kitenge chake.

Nalala njaa kwa ukaidi tu.

Jumatano, 20 Agosti

Nicole alikuja. Peke yake, jambo ambalo halifanyiki kabla ya harusi, amejitanda khanga mpaka puani asitambulike, na kila mtu njiani alimsalimu kwa jina.

Nilijiandaa kwa machozi. Hakulia. Aliokota kile kidole gumba cha glavu kilichokatwa, bado kilikuwa sakafuni, akakigeuzageuza akiongea. Anasema hakuja kuomba kitu. Kuhusu ndoa nisijali. "Mimi nitaolewa ata bila ngombe. Prince anajua." Alisema hivyo kavu, nikampenda ghafla.

Lakini baba yake. Tangu ng'ombe wao walipochukuliwa, baba yake haamki asubuhi. Si ugonjwa, hospitali walimpima. Mfugaji anaamka kwa ajili ya kitu, na kitu hakipo. Anakaa kitandani mpaka jua likiwa juu, anaona aibu, anajifanya kichwa kinamuuma. Buleusa wamemwita mara nyingi, shamba lipo, akakataa: atarudije kwenye zizi lake mikono mitupu, mbele ya watu waliokuwa wanakuja kwake kuomba maziwa? Tangu Jumapili anaamka kabla yao wote. Wanasikia mlango. Anakwenda kumkatia majani.

"Anajua si ngombe," nikasema. Ilitoka kwa ukali.

"Anajua, yaya. Si mupumbafu." Akakirudisha kile kidole gumba sakafuni. "Majani ile anaweka, asubui anaitoa, anaweka ingine. Anajua."

Alipoondoka nilikaa kwenye kibanda nikawa na hasira na kila mtu mmoja mmoja. Na Hubert. Na Papa Théoneste na pombe yake. Na Nicole kwa kuja. Na mimi. Nilitaka nini nilipokuwa naokota vitu hivyo? Niliandika kwenye karatasi zangu zote, kwa Kifaransa kizuri, kwamba kitu duni kikifanyiwa kazi kinarudi kuwa na maana kwa watu. Kimerudi. Hawa hapa watu. Na mimi nalia nikitaka wanirudishie.

Lakini ni kazi yangu. Hilo pia ni kweli. Nimeishona mimi, na hakuna mwingine, na sitapata nafasi nyingine ya katikati ya ukumbi nikiwa bado na macho ya kuingiza uzi. Hakuna anayelisema hilo katika nyumba hii. Basi naliandika hapa.

Alhamisi, 21 Agosti

Naandika nimekaa kwenye jiwe, kwenye bariyeri, mbele ya soko.

Malori mawili yapo. La Hubert limeelekeza pua Kitshanga, njia ya Goma, dereva ametandika magunia tayari kwa ajili yangu, anapiga honi kila akimaliza sigara. La pili limeelekea Kashuga, limejaa chumvi, mabati na watu, na Papa Nzabandora amesimama karibu nalo na kofia yake ya misa, kamba mkononi. Gitare katikati ya barabara, ameinama. Tope limempanda mpaka magotini. Pikipiki zinampita kwa adabu.

Nilikuja nikiwa nimeamua. Nilikuwa nimeamua kweli, njia nzima nilirudia sentensi: familia yetu inamtaka. Nilipofika Papa Nzabandora akavua kofia, akanisalimu, akasubiri. Nikafungua mdomo.

Hapo askari akaja. Kijana, amelala vibaya. Amri yao ni moja: kwa sababu ya wizi, hakuna ng'ombe anayepita hapa, kupanda au kushuka, bila mwenyewe kujulikana. Dereva wa Hubert akacheka, akamwambia hii ni bâche. Askari akamzunguka Gitare. Akampiga kidogo ubavuni, pakalia kavu, pum. Nilidhani naye atacheka.

"Minaona iko bâche. Lakini iko ngombe. Iko ya nani?"

Dereva akanionyesha mimi. Watu juu ya lori la chumvi wakamwonyesha Papa Nzabandora. Mama, ambaye sikujua kama amenifuata, nikamwona pale kwenye meza za mihogo, kitambaa kiko sawa kichwani, uso wote wazi. Hakuonyesha mtu.

Papa Nzabandora angeweza kujibu, ana haki, mashahidi wamejaa. Alinitazama tu, akanyoosha mkono wenye kamba, si kunipa, si kuninyima. Ulibaki hewani kati yetu.

Nikasema neno gani? Sikusema. Askari akauliza mara ya pili, akachoka, akasema mkubwa wake anakunywa chai, akimaliza atauliza yeye, na yeye hana mchezo. Basi tunasubiri. Nikaomba ruhusa ya kukaa, nikatoa kalamu ili nisitazamwe usoni.

Honi tena. Hubert amepiga mara tatu. Sijapokea.

Samadi ile kwenye udongo imewaita nzi. Wamemjaa masikioni na pembeni mwa macho, na yeye mkia wake ni kamba ya mbuzi, hautikisiki. Sasa hivi tu nimegundua kwamba ninaandika kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika jani la mgomba, sijui nililiokota saa ngapi, na unamfukuzia nzi. Papa Nzabandora ameona. Amegeuza uso upande mwingine, kwa adabu.

Mkubwa wa bariyeri anatoka. Anafuta mdomo. Anakuja upande huu.